Taa Nyekundu ya Land Rover ya Babu

Tanga, Jumapili jioni

Binti yangu,

Picha zako saba zimefika, nami nimezikuza moja moja kwenye simu mpaka macho yakauma. Nimeiona alteneta uliyoipata Same, na maandishi ya Lucas 17ACR ubavuni mwake bado yanasomeka. Nimefurahi kwamba hukuchukua tu cha kwanza ulichoonyeshwa. Kisha nikafika picha ya sita: nyaya mbili zinaning'inia chini ya dashibodi, ncha zimevuliwa, na chini yake umeandika, "Baba mdogo, kwa sasa nawasha kwa kugusisha." Hapo nikatafuta kalamu.

Ningeweza kukupigia simu, lakini ukiwa umeinamia injini, mikono imejaa grisi, huwezi kukumbuka kama nilisema nyeupe au kahawia. Karatasi utaiweka juu ya madigadi, utaikandamiza kwa spana, utasoma mstari, utafanya, utarudi. Na kabla hujaenda mstari unaofuata, nenda kavue betri. Vua vichwa vyote viwili, uviweke mbali visirudi vyenyewe. Nitakungoja.

Nyaya zile mbili ndizo zilizoninyima raha. Waya wa kahawia unatoka moja kwa moja kwenye betri, haupiti kwenye fyuzi yoyote, wala haulali hata gari likiwa limezimwa. Wewe umeuacha ukining'inia karibu na goti lako. Sasa kumbuka tangi la petroli la Land Rover hii liko wapi: liko chini ya kiti unachokalia. Barabara ya kutoka Kihurio kwenda Ndungu unaijua kuliko mimi, mabonde yake na mawe yake. Ncha moja ikigusa bodi pale unaporushwa, waya wote utawaka mwekundu kama uzi wa jiko la umeme, kuanzia dashibodi mpaka kwenye injini, na hakuna kitakachoukata. Na watoto wa jirani hupanda humo kucheza udereva, umeniambia mwenyewe. Mpaka barua hii imalize kazi yake, gari lisiwashwe. Mpunga wa bibi usubiri, au akodi Kirikuu.

Turudi kwenye alteneta. Wewe ni mtu wa umeme wa jua. Umefunga paneli kwenye nyumba nyingi za huko tangu utoke VETA, na nusu ya mambo haya tayari unayajua kwa majina mengine. Katauti, kile kisanduku cheusi kilichofungwa mbele ya dereva upande wa injini, ni chaji kontrola ya wazee. Betri ni ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Maji ya mto yanaingia usiku, yanakusanyika, asubuhi lango linafunguliwa na mashamba yanapata. Gari nalo hujaza betri likitembea, na betri hulipa deni wakati wa kupiga stata. Tofauti ni moja: ndiva ikikauka unangoja usiku mwingine, lakini betri ukiizoesha kukauka, inakufa.

Lakini lipo jambo moja ambalo sola haikukufundisha, na ndilo litakaloiua alteneta yako kabla haijazunguka hata mara moja. Gari hili lilifungwa chanya kwenye bodi.

Soma tena. Kwenye magari yote uliyoyaona tangu uzaliwe, hasi ndiyo inayofungwa kwenye chesi. Land Rover ya babu ni 109 ya Series IIA, aina iliyotengenezwa Solihull, Uingereza, kuanzia 1961 hadi 1971, na yetu ni ya 1964. Waingereza wa miaka hiyo walifunga chanya kwenye ethi, wakaja kugeuza miaka ya 60 ikielekea kwisha. Babu aliinunua kwenye mnada ikiwa hivyo, akaiendesha hivyo, na dainamo yake haikulalamika, kwa sababu dainamo ukiizoesha upande wowote inaukubali. Alteneta haina huruma hiyo. Ndani yake mna diodi, nazo ni kama vali za pampu: umeme unapita upande mmoja tu. Ukiunga betri kinyume, zinaungua palepale.

Nalijua hili kwa sababu nililifanya. Mwaka 1986, nikiwa kijana wa gereji Korogwe, nilifunga alteneta mpya kwenye gari la zamani la mteja bila kutazama betri imekaaje. Nilipokaza kichwa cha mwisho hakikusikika kitu. Ilitoka harufu tu, kama ya plastiki iliyosahauliwa juani, na moshi kidogo. Mteja yule alikuwa amekopa kununua alteneta ile. Niliilipa kwa miezi minne, na tangu siku hiyo mkono wangu haujagusa spana kabla ya jicho kutazama betri.

Kwa hiyo anza hapo. Geuza betri, hasi iende kwenye chesi. Kichwa cha chanya ni kinene kuliko cha hasi, hivyo vishikio vya zamani havitakaa sawa. Usivipanue kwa nyundo, nunua viwili vipya. Kwenye koili, hamisha nyaya mbili ndogo: unaokwenda kwenye distributa ukae upande wa hasi, na mweupe unaotoka kwenye swichi ukae upande wa chanya. Gari litawaka hata usipofanya hivyo, ila cheche itakuwa dhaifu, utaanza kulaumu plagi na platini zisizo na kosa. Nyuma ya ampea mita badilishana nyaya zake mbili. Stata iache, itazunguka upande uleule. Kama kuna redio yoyote imesalia humo, ing'oe.

Najua kuna fundi hapo atakayekuuliza kwa nini unahangaika, ilhali dainamo ilimfikisha babu miaka yote ile. Mwambie habari ya masika moja nilipokuwa na miaka kumi na mitatu. Tulikuwa tunapeleka mpunga Mkomazi kwenye barabara kubwa. Kupita Bendera tope lilitushika, tukatembea gia ya kwanza, mwendo wa mtu wa miguu, kwa saa nyingi, taa zikiwaka. Nilikaa katikati, na kazi yangu ilikuwa kuangalia mshale wa ampea mita. Ulilala kushoto safari nzima. Dainamo ile ya Lucas C40 ikizunguka vizuri hutoa ampea 22, lakini injini ikienda polepole haitoi kitu, na katauti inaikata isije ikanyonya betri. Taa mbili za mbele na koili zinakula zaidi ya ampea 10. Taa zikageuka rangi ya chungwa, halafu rangi ya kaa, halafu injini ikazima. Babu akatoa hendeli nyuma ya kiti, akazungusha mvuani mpaka ikawaka. Mara ya tatu hendeli ilimrudi mkononi. Ule mkono wake wa kulia uliokuwa haunyooki vizuri, na ninyi wajukuu mkidhani amezaliwa nao, ulitokana na usiku ule.

Dainamo na alteneta ni watoto wa jambo moja, lile aliloligundua Faraday huko London mwaka 1831: sumaku ikipita mbele ya waya, umeme unazaliwa. Ni jambo lilelile la dainamo ya baiskeli, iliyokuwa inamulika kadiri unavyochapa pedali. Kwenye dainamo ya gari, nyaya zinazozaa umeme ndizo zinazozunguka, na umeme wote unatoka kwa kupita kwenye kaboni. Kwenye alteneta mambo yamegeuzwa. Nyaya zinazozaa umeme zimetulia kwenye ganda, na kinachozunguka ni sumaku. Kaboni zinabeba umeme kidogo tu wa kuilisha sumaku hiyo, hivyo unaweza kuipa puli ndogo ikazunguka kwa kasi hata injini ikienda polepole. Umeme unaotoka ni wa kwenda na kurudi, kama ule wa TANESCO, na diodi ndizo zinazoulazimisha kwenda upande mmoja. Ndiyo maana ilibidi dunia isubiri diodi za silikoni ziwe za bei nafuu; Chrysler wa Marekani ndio walioanza kuiweka alteneta kwenye gari la watu wa kawaida, Valiant ya 1960. Kwenye Land Rover ilikuja kuwa kifaa cha kawaida kwenye Series III, mwaka 1971. Hiyo 17ACR yako inatoa ampea 36, na kwa mwendo ule wa topeni bado ingekuwa inachaji.

Sasa kazi. Fungua kifuniko cha katauti. Utaona nyaya zimekaa kwenye A, A1, F, D na E. Usiamini rangi, miaka sitini ya vumbi na mafundi imeziharibu, na naona kwenye picha ya tatu kuna waya wa nyumba mwekundu ulioungwa katikati. Fuata kila mmoja kwa mita, uufunge karatasi yenye jina kabla hujauvua.

Za A na A1 ziunganishe pamoja, uzilehemu, kwa sababu ndizo zinazolisha gari zima. Kwenye D utakuta nyaya mbili: mmoja mnene unaotoka kwenye dainamo, mmoja mwembamba unaotoka kwenye ile taa nyekundu ya dashibodi. Mnene ustaafu, uukate kichwa na kuufunga. Mwembamba uunganishe na ule wa F, ambao mwisho wake wa pili uko tayari pale ilipokuwa dainamo. Huo sasa unakwenda kwenye ulimi mdogo wa alteneta, ule wenye alama ya IND. Wa E ufunge tu. Kisanduku chenyewe usikitupe. Toa matumbo yake, maungio yako yakae ndani, funika. Nitafurahi nikiinua boneti nikakikuta.

Ndimi mbili kubwa za alteneta zinahitaji waya mpya mnene, kwenda moja kwa moja mpaka kwenye solenoidi ya stata, pale unapofika waya mkubwa wa betri. Usitumie waya wa nyumba. Ule una uzi mmoja mgumu, na mtikisiko wa injini utauvunja ndani ya ngozi yake bila wewe kuona. Lakini wewe unao waya mzuri kuliko unaouzwa kwenye maduka mengi ya spea: ule wa paneli, wa milimita za mraba 6, wenye nyuzi nyingi nyembamba na ngozi mbili. Tumia huo. Karibu na solenoidi weka fyuzi ya ampea 50. Upitishe mbali na egzosi, na popote unapopita kwenye tundu la bati weka mpira. Ukishaufunga hivi, umeme wa kuchaji hautapita tena kwenye ampea mita, na mshale utakuwa unaonyesha matumizi tu. Usishtuke ukiuona umelala kushoto. Weka volti mita ndogo pembeni yake.

Halafu ethi. Bodi ya gari hili ni alumini, chesi ni chuma, na pale vinapokutana pana kutu ya aina yake, unga mweupe. Taa nyingi zinazosemwa mbovu huwa ni ethi. Kwangua rangi pale kishikio cha alteneta kinapokaa, na ufunge waya mmoja mnene kutoka kwenye injini hadi kwenye chesi, chuma kwa chuma.

Nimefika kwenye taa nyekundu, na hapa nakuomba usome polepole kuliko kote.

Ulisema globu yake imeungua na kwamba haina haraka, utaweka LED ukipata. Binti yangu, taa hiyo si pambo wala si ya kukutaarifu tu. Ndiyo inayoiamsha alteneta. Sumaku iliyo ndani yake haina nguvu mpaka ilishwe umeme kidogo, na umeme huo wa kwanza unatoka kwenye swichi kwa waya mweupe, unapita kwenye globu, unashuka kwa waya mwembamba mpaka IND, unaingia kwenye sumaku, unamalizikia kwenye ethi. Unapofungua ufunguo, taa inawaka kwa sababu umeme unapita njia hiyo. Injini ikishika, alteneta inaanza kutoa, na upande wa pili wa globu unapanda volti mpaka unalingana na betri. Matangi mawili yenye maji ya kimo kimoja hayamiminiani. Taa inazimika. Kumbe kuzimika kwake ni habari kwamba pande mbili zimelingana.

Globu ikiwa imeungua, alteneta inaweza kulala mpaka uiungurumishe injini kwa nguvu, au isiamke kabisa. LED nayo inapitisha umeme mdogo mno, haitoshi kuiamsha. Weka globu ya kawaida, volti 12, wati 2.2. Najua ninyi watu wa sola hamtaki kuona globu ya uzi, lakini hapa kula kwake ndiyo kazi yake.

Na usifanye kosa la upande wa pili, la kuitoa globu na kuunga waya moja kwa moja. Nililetewa lori la hivyo hapa Tanga. Dereva alilalamika kwamba anazima ufunguo, anautoa, anautia mfukoni, na injini inaendelea kunguruma. Alikuwa anaizima kwa kuweka gia ya nne na kuachia klachi. Watu wakamwambia swichi mbovu, akabadilisha swichi mbili. Swichi haikuwa na kosa. Umeme wa alteneta ulikuwa unapanda kwa kinyume kupitia waya ule, unafika kwenye koili, unailisha injini. Globu ingekuwepo, ingeubana usiweze.

Ndiyo maana siwezi kukuandikia habari ya alteneta bila ya swichi. Umeniuliza kana kwamba ni kazi mbili, moja ya lazima na moja ya baadaye. Ni mzunguko mmoja, na taa ndiyo fundo lake.

Swichi uliyonunua, ya picha ya saba, ina ncha nne. Usitegemee herufi zake peke yake. Ipime kwa mita kabla hujaifunga, ufunguo ukiwa kila mahali pake, uandike. Waya wa kahawia unaingia kwenye BAT. Ule mweupe unatoka kwenye IGN, nao unakwenda kwenye koili, kwenye taa nyekundu na kwenye fyuzi. Kwa START, vuta waya mpya mpaka kwenye solenoidi, ukiacha kile kitufe cha zamani kipumzike. Hakikisha ufunguo ukiachiwa unarudi wenyewe kutoka START. Ukigoma kurudi, stata itazunguka na injini mpaka iungue. ACC iache tupu. Taa za mbele usizipitishe kwenye swichi hii: ndizo zilizoiunguza ile ya kwanza, naona plastiki yake ilivyoyeyuka. Zitumie rilei na fyuzi zake zenyewe. Gari lilitoka kiwandani na fyuzi mbili tu, na taa za mbele za gari letu hazimo hata kwenye hizo mbili.

Na ufunguo usiache umefunguliwa injini ikiwa imezimwa. Platini zikisimama zimefungana, koili inachemka mpaka inapasuka.

Mkanda wa feni uubonyeze kwa kidole gumba katikati. Ushuke kama unene wa kidole, usizidi. Kisha rudisha betri, hasi mwisho. Pima: betri iliyotulia iwe volti 12.6 hivi. Fungua ufunguo, taa nyekundu iwake. Washa, izimike. Injini ikienda haraka kidogo, upate kati ya 13.8 na 14.4. Washa taa zote, upime tena, isishuke sana. Ukiona 15 zima, uniambie. Na fundi akija akakwambia uvue kichwa cha betri injini ikiwa inaunguruma ili aone kama alteneta inachaji, mkatalie kwa heshima. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakipima dainamo. Alteneta ikikosa betri ghafla, volti zinaruka na diodi zinakwenda.

Mwaka juzi, Oktoba 2024, Land Rover kwa mamia zilipojaa Arusha, ulinitumia video ukasema ya babu nayo ingekuwepo. Sikukujibu, kwa sababu nilidhani ni maneno tu. Samahani kwa hilo. Nimetafuta vya kukutumia: globu mbili za wati 2.2 na soketi yake, rilei mbili, na vishikio vya betri. Nitavituma kwa basi la Jumatano. Kondakta atashusha Mkomazi, nenda na kitambulisho.

Bibi yako mpe shikamoo yangu, mwambie makande yake nayasubiri Desemba. Siku ukiwasha kwa ufunguo, litoe gari mpaka pale mlangoni kwake, mpigie honi mara mbili kama alivyozoea babu. Halafu zima, utoe ufunguo, na kabla hujashuka usikilize kama injini imekaa kimya.

Baba yako mdogo